Gazeti lilisema mama yangu hakubakiwa na ng'ombe hata mmoja, akaenda ofisini na kundi zima

Wakuu, salaam aleikum kwa wanaoitikia hiyo, na habari zenu nyinyi wengine.

Hii stori nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini. Sijaongeza chumvi, na pale nilipokosea mimi mwenyewe nitasema. Vuteni viti.

Ilikuwa Isiolo, mtaa wa Chechelesi, miaka ya themanini, wakati wa ule ukame. Mimi ndio nimemaliza form four, msichana na Kiingereza chake kichwani, na hakuna wa kumwonyesha.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Leseni ya kusafirisha mifugo ilikuwa kwa jina la baba, na baba alipofariki ikaisha. Mama akaomba yake mwenyewe. Bila hiyo karatasi huwezi kutoa hata ndama Isiolo kumpeleka soko la Nairobi, na majani yalikuwa yamekwisha kabisa.

Yaani leseni itoke, au ng'ombe wafe tukiwatazama.

Kamati ya kutoa leseni ilikuwa wanaume saba (ofisi yenyewe siitaji). Hawakusema hapana. Walisema "tutaangalia", na nyinyi mnajua macho ya ofisi yalivyo mazito.

Hapo ndipo akatokea mwandishi wa gazeti la Kiingereza kutoka Nairobi. Koti limejaa mifuko mpaka mgongoni, mpiga picha nyuma yake. Akasema anaandika juu ya akina mama wa kaskazini.

Mama akaninong'oneza, "Hii ni Mungu ameleta. Kamati ikisoma mimi ni mtu ya biashara, watanipa."

Akawapikia chai ya maziwa. Akavaa miwani, saa ya mkononi na mtandio mpya, akakaa kando ya redio kama mwenye nyumba.

Mwandishi akamtazama, akasikitika kweli.

Redio ikatolewa nje. Halafu saa. Halafu miwani. Halafu viatu. "Mwanamke wa huku havai miwani," alinieleza mimi, Mborana niliyezaliwa na huyo huyo mwenye miwani.

Mtandio mpya nao ukabadilishwa na kitambaa cha kufunikia maziwa.

Kumbe jamaa alikuwa ametoka Nairobi na picha yake tayari kichwani. Alikuwa anatafuta tu mtu wa kumtia ndani.

Mtauliza kwa nini mama alikubali. Kwetu mtu akishakunywa chai yako ni mgeni, na mgeni humkatalii jambo dogo. Tena alifikiri ndivyo magazeti hufanya kazi.

Picha yake ikabaki kukosa mzoga tu. Tukaingia kwenye gari lao mpaka Ngaremara, na kwa bahati yao tukakuta ng'ombe amelala kando ya barabara, amekufa. Huyo ng'ombe hakufa njaa, wakuu. Aligongwa na lori la soda asubuhi ile ile! Mwenyewe alikuwa amesimama pale pale akigombana na dereva. Mpiga picha akawaomba wote wawili wasogee kidogo.

Mama akasimamishwa kando ya ng'ombe wa watu, bila viatu, kwenye mchanga wa saa saba.

Halafu mwandishi akaniambia, "Muulize ana ng'ombe wangapi."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu mfugaji hahesabu mifugo yake kwa mdomo, hasa mbele ya mgeni. Ni kuwaitia kifo. Ukiulizwa unasema huna kitu, ni ya Mungu tu, na kila mtu anaelewa kwamba una kundi.

Mama akajibu hivyo hivyo, kwa Kiborana. Na mimi, msomi, nikatafsiri kwa Kiingereza safi kabisa kwamba hana kitu. Sikueleza mila hata kidogo. Niliona aibu, nisije nikaonekana mshamba mbele ya mtu wa Nairobi. Mpaka leo hilo linaniuma.

Gazeti likatoka. Picha nusu ukurasa, na chini yake: mjane wa kuhamahama akimwaga machozi juu ya ng'ombe wake wa mwisho.

Kuhamahama! Mama alikuwa na nyumba ya mabati na sanduku la posta.

Na kamati ilisoma, kama alivyotaka. Wakamwita. Niliingia naye.

Mwenyekiti akaweka gazeti mezani. "Mama, pole sana. Lakini leseni ni ya watu wenye wako na mifugo. Wewe tutakuandika kwa mahindi ya msaada."

"Hiyo ng'ombe si yangu," mama akasema. "Zangu ziko."

"Sawa. Ngapi?"

Mama akasukuma gazeti pembeni.

Karani, Mmeru mmoja mpole, akamsihi, "Mama, si useme tu namba, hata ya uongo?"

Hakusema. Mwaka ule, na wanyama wenyewe wamebaki mifupa, asingewahesabu kwa mdomo hata kwa leseni ya dhahabu. Tukatoka. Nikalia njia nzima, maana nilijua kazi hiyo niliifanya mimi.

Kesho yake asubuhi, mji ukasikia kengele za ng'ombe.

Mama alikuwa ametuma neno Leparua kwa binamu zake waliokuwa wakimchungia, na kundi lote likaingia uani mwa ofisi. Ng'ombe mbele, mbuzi nyuma. Wakala maua ya mwenyekiti, wakala na ua wenyewe wa michongoma. Mwenyekiti akajifungia ndani, anachungulia dirishani.

"Hesabuni nyinyi," mama akasema. "Mimi sitaki kusikia." Akageuka, akafumba macho, akaziba masikio kwa mikono yote miwili.

Karani akatoka na fomu. Akahesabu kwa kidole, midomo imefungwa, akaandika. Alipomaliza akamgusa bega. "Mama, imetosha. Ata imezidi. Jina ya mzee ni nani?"

"Mzee alikufa. Andika Kabale. Ni mimi."

Akaandika. Mwenyekiti akatia sahihi kupitia dirishani.

Na mwandishi? Bado alikuwa mjini. Picha ikatoka siku chache baadaye: wafugaji wenye njaa wavamia ofisi kudai chakula. Katikati yuko mama, macho yamefumbwa, mikono masikioni. Chini wakaandika kwamba ni mwanamke aliyerukwa na akili kwa uchungu.

Nilimsomea. Akauliza, "Jina yangu iko?"

"Haiko, mama."

"Basi wacha." Akaenda kupakia ng'ombe kwenye lori.

Funzo nililopata: hao watu hawakuhitaji kusema uongo mwingi. Walihitaji mama akae kimya, na msichana kama mimi anayeonea haya mila za kwao.

Mama alifariki miaka mingi iliyopita. Magazeti yote mawili ninayo, na leseni ninayo. Kati ya karatasi zote zilizoandikwa juu yake mwaka ule, ni hiyo leseni tu iliyoandikwa jina lake.

Haya, nyinyi wa Marsabit, Garissa, Lodwar na kwingineko, mama zenu waliandikwaje? Tajeni na majina yao.