Niliwaambia Mwanangu Ana Haya

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuwaambia watu kwamba mwanangu ana haya.

Lilikuwa jibu zuri mno, ndiyo maana nikalishikilia. Hapa kwetu mtoto mwenye haya ni sifa ya nyumba. Mtu alipomsalimia mwanangu ngazini, naye akageuza uso ukutani na kuanza kupeperusha vidole mbele ya macho yake, nilisema, "Ana haya huyu." Yule mtu alitabasamu, akasema, "Mashaallah, kama watoto wa zamani," akaenda zake. Mimi nilipanda ngazi moyo ukinidunda, kama mtu aliyevuka barabara bila ya kutazama.

Alikuwa na miaka mitano. Hakuwa akisema, na ukimwita jina lake hakugeuka. Daktari alishatuambia kwamba ni usonji, akatueleza kwa upole kwamba usonji si ugonjwa wa kuutafutia dawa, ndivyo akili yake ilivyoumbwa, na kwamba mtoto atajifunza mengi ikiwa watu wanaomzunguka watajifunza kwanza. Mke wangu alilisikia lile neno la watu wanaomzunguka. Mimi nilisikia "atajifunza".

Kila ninachokijua nimejifunza peke yangu. Kutengeneza simu, kazi inayonilisha, sikufundishwa na mtu. Niliifungua simu yangu mwenyewe nikaiharibu, kisha nikakaa nayo mpaka ikawaka. Nikadhani na hili litakwenda vivyo hivyo. Dukani, kila nilipokosa mteja, niliangalia video za wataalamu na wazazi wa nchi za mbali. Nikaanza kutengeneza kadi za picha, zile ambazo mtoto asiyesema huzitumia kuonesha anachotaka: maji, mkate, choo, kulala. Nikakipiga picha kikombe chetu cha buluu, nikaichapisha, nikaona kivuli changu kimeingia, nikaitupa, nikapiga tena. Pembe za kadi hazikulingana, nikazikata upya. Nikazichapisha zote upya, buluu ikatoka kijani, nikazitupa. Mke wangu akiniuliza mtoto ataanza lini kuzitumia, nilimwambia bado kidogo.

Nilitaka kila kitu kiwe tayari. Nilitaka na yeye awe tayari, ndipo nimtoe watu wamwone. Mpaka siku hiyo ifike alikaa ndani, na mlango wetu nikautia komeo kwa nje, ili nikishuka mara moja asinifuate. Nimejaribu kuandika habari hii bila ya kulitaja komeo, na kila mara nimeona kwamba nnadanganya tena.

Tunakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani, vyumba viwili vya kupanga. Chini yetu kichochoro kinapanuka kidogo, na hapo pana baraza wanayokaa wanaume kunywa kahawa baada ya Alasiri. Muuza kahawa ni mzee mrefu ambaye mtaa mzima humwita Ami. Msemaji mkuu wa pale ni mtu wa rika langu, muuza viungo, ambaye hapiti mtu bila ya kutupiwa neno. Mimi nilikuwa nikiwasalimia huku natembea.

Mke wangu alikuwa ameshajiunga na kikundi cha wazazi wenye watoto kama wetu. Walikutana Kikwajuni kila Jumamosi, katika darasa la watoto wadogo, wakikaa kwenye vile viti vifupi magoti yakiwafika kifuani. Walielezana skuli gani ina mwalimu anayewapokea watoto hawa, vipi umwendee ustadhi wa chuo cha Kurani, vipi umkate kucha mtoto asiyetaka kushikwa. Mimi sikwenda. Nilisema nina kazi.

Jumamosi moja alikuwa anavaa buibui lake huku ananisemesha.

"Tumekubaliana kila mzazi awaambie watu wa mtaani kwake. Miye nataka tuanze na hawa wa barazani."

"Wale? Wataifanya hadithi ya jioni."

"Na iwe hadithi. Angalau watamjua."

"Ngoja kwanza azizoee zile kadi."

"Kadi zipi?" aliuliza. Hakuuliza kwa ugomvi, na hilo ndilo lililonichoma. Akambusu mtoto utosini, akaondoka.

Baada ya Alasiri mwanangu alikuwa amelala chali mkekani, chini ya feni. Hapo ndipo mahali pake. Hukaa kimya kabisa, macho yakizunguka nayo. Mara umeme ukakatika. Mapanga ya feni yakapunguza mwendo, yakasimama, naye akaanza kuguna ule mguno unaoanza chini na kupanda. Nikashuka mbio kwenda kutazama mita, ambazo ziko uani, nyuma ya ngazi. Uniti zilikuwa zimekwisha. Nikanunua kwa simu, nikaingiza tarakimu, mita ikakataa. Nilikosea moja. Nikaanza tena, polepole, nikiikagua kila tarakimu kabla ya kwenda ya pili yake. Nilipenda sana kazi kama ile, ambayo mtu ukiwa mwangalifu huharibikiwi. Taa ya uani ikawaka. Nikapanda nimefurahi.

Feni ilikuwa inazunguka juu ya mkeka mtupu.

Komeo sikulitia, nilishuka kwa haraka. Alipita nyuma ya mgongo wangu, peku, nami nimeinamia tarakimu.

Nikatazama chumbani, chooni, juu kwenye paa. Kisha nikatoka nje.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mwanangu katoka. Hamjamwona kupita?"

"Mwana?" akasema muuza viungo. "Yakhe, una mwana weye? Miye nasikia vishindo tu huko juu, nikadhani unafuga mbuzi."

Wakacheka. Ami akaliweka chini dele lake la kahawa, na kicheko kikakoma.

"Kavaa nini?" akaniuliza.

"Fulana ya kijani."

Akaniuliza na jina, nikamtajia. Halafu akauliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: "Akiitwa, anaitika?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na watu walikuwa wamekwisha kusimama, tayari kunisaidia. Nikasema, "Ataitika. Ana haya tu, lakini mkimwita atakwambieni naam."

Wakatawanyika. Vichochoro vyote vikajaa jina la mwanangu, jina ambalo sisi wenyewe tulikuwa hatulitamki nje ya mlango wetu. Sauti nzito za wanaume zikiliita huku na kule, na kila nikilisikia nilijua kwamba yeye, popote alipo, hageuki. Ningeweza kusimama nikawaambia. Badala yake nilikimbilia ufukweni, kwa sababu nilishajifunza kwamba watoto hawa huvutwa na maji. Maji yalikuwa yamejaa. Vijana walikuwa wanaruka kutoka ukutani na kuzama, nami nikasimama pale nikikingojea kila kichwa kinachoibuka, nikikitazama, nikikiacha.

Simu ikalia. Mke wangu.

"Kala?" akauliza.

"Komeo sikulitia," nikasema.

"Nnakuja," akasema, na simu ikakatika.

Alishuka kwenye bodaboda mdomoni mwa kichochoro wakati ule ule nami nafika. Baadhi ya watu walikuwa wamerudi barazani, kila mmoja akitikisa kichwa.

"Umewaambia nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nilichowaambia. Alinitazama kidogo tu. Kisha akapanda juu ya baraza ya wanaume, jambo ambalo sijawahi kumwona mwanamke akilifanya hapa mtaani, akasema kwa sauti iliyokuwa inatetemeka mwanzoni na mwishoni haitetemeki:

"Jamaa zangu, nisikilizeni. Mwanangu hasemi, tangu azaliwe. Ana usonji. Mkimwita hageuki, na si kwamba hasikii, wala si kukosa adabu. Makelele humtisha akakimbia, basi msimwite tena. Hajui hatari ya gari wala ya maji. Anachokipenda ni kitu kinachozunguka, chochote kile, feni, cherehani, tairi. Mtafuteni penye kitu kinachozunguka. Mkimwona msimshike, kaeni karibu yake mniite miye."

Nami, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa aibu. La pili ndiyo hofu.

Muuza viungo akakitua kikombe chake. "Fulana ya kijani," akasema. "Miye nimemwona. Kwa fundi baskeli, kule karibu na soko. Kachutama mbele ya baskeli iliyopinduliwa, hatazami mtu. Nikamwita, nikamwita tena, wala hakushtuka. Nikasema si yeye." Akanigeukia. Hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Wa kwako si ulisema ataitika?"

Tukakimbia. Fundi baskeli alikuwa anajipangusa mikono.

"Alikuwa hapa sasa hivi. Mwenye baskeli kaja kaichukua, na mtoto kaifuata."

Akanyoosha mkono kuelekea barabara kubwa.

Tulimwona kabla ya kufika. Alikuwa amesimama katikati, kwenye ule ukingo mwembamba unaoigawa barabara, gari zikipita mbele yake na nyuma yake. Baskeli ilishapotea. Alikuwa anatazama magurudumu ya gari, mwili ukienda mbele na nyuma, na kila akienda mbele vidole vya miguu vilivuka ukingo.

Nikafungua mdomo kumwita. Mke wangu akanishika mkono kwa kucha.

"Usimwite."

"Ataanguka."

"Usimwite, nshakwambia."

Ami akatupita. Aliingia barabarani na kanzu yake, dele alilotoka nalo barazani likiwa mkononi, akaliinua juu kama mtu anayemzuia ng'ombe. Gari ya kwanza ikafunga breki, kahawa ikamwagika, ya nyuma yake ikapiga honi. Mwanangu akaziba masikio kwa mikono miwili na mguu wake mmoja ukashuka barabarani, upande wa pili, ambako gari zilikuwa bado zinakwenda. Sijui ni nani waliokimbilia upande huo kuzisimamisha. Walikuwa watu wa barazani, niliona migongo yao tu. Dereva wa honi akaambiwa aache, akaacha.

Muuza viungo alikuwa amechukua baskeli nyingine kwa fundi, sijui aliomba au aliichukua tu. Akaikokota taratibu mpaka kwenye ukingo, hatua chache kutoka kwa mwanangu. Hakumtazama. Akaipindua, tandiko chini na magurudumu juu, akachutama, akaanza kuizungusha pedali kwa mkono.

Gurudumu likaanza kuvuma kidogo. Mwanangu akaondoa mkono mmoja sikioni. Akaurudisha mguu wake juu. Baadaye akaondoa na mkono wa pili, akachutama mbele ya spoki, na mwili wake ukatulia.

Mke wangu akaenda akakaa chini, kando yake. Nami nikaenda. Gari zilikuwa zimesimama pande zote mbili.

"Nizungushe mpaka lini?" akauliza muuza viungo, kwa sauti ya chini. "Mkono unakufa."

"Mpaka asimame mwenyewe," akasema mke wangu.

"Basi mwambieni Ami leo kahawa yangu bure."

"Imemwagika yote," Ami akajibu kutoka barabarani.

Alisimama mwenyewe. Tukarudi nyumbani baskeli ikikokotwa mbele, mwanangu akilifuata gurudumu la nyuma, na sisi tukimfuata yeye. Tulipopita barazani watu walisogeza miguu yao apite. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akipita pale, baada ya miaka mitano ya kukaa juu ya vichwa vyao.

Jumamosi iliyofuata nilikaa kwenye kiti kifupi Kikwajuni. Ilipofika zamu yangu nilitaka kueleza vizuri, kwa mpango, kama nilivyojitayarisha, nikashindwa, nikaeleza ovyo. Baba mmoja aliyekuja kutoka Uroa aliniuliza, "Sasa mtu akikuuliza, unamwambia nini?" Yeye binti yake alikuwa bado chumba cha ndani. Nikamwambia kwamba bado nnajifunza kulisema. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu cha kwenda nacho.

Komeo la nje nimeling'oa. Nimeweka jingine ndani, juu, mkono wake usipofika. Kadi ameanza kuzitumia. Ya kwanza kuishika ilikuwa ile ya kikombe chenye kivuli changu, ambayo mke wangu aliiokota nilipoitupa. Jioni nnashuka naye. Muuza viungo humwekea baskeli yake kichwa chini, na mwanangu humkalia karibu kuliko anavyonikalia mimi, na hilo nalo bado linaniuma kidogo. Hasemi mpaka leo. Ukimwita hageuki.

Mtu mgeni akimsalimia, asipate jibu, akanigeukia, nnamwambia: "Mwanangu ana usonji, hasemi, na anapenda vitu vinavyozunguka." Sisemi tena kwamba ana haya.