Chai ya Mama, Uso wa Baba

Nilichoma nyama Kitengela miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuonja pombe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitesa. Bucha yangu ilishikana ukuta na baa, kama bucha nyingi za miaka ya tisini. Mteja alichagua mguu wa mbuzi kwangu, ukapimwa mbele yake, kisha akaingia ndani kuungoja na chupa yake. Mimi nilibaki nje na jiko.

Siku tulipomzika baba nilikuwa nimemwapia mama kwamba pombe haitapita kooni mwangu. Baba alikunywa mpaka ini likakataa kazi. Mama alinishika mkono kando ya kaburi akasema, "Mlevi nimezika mmoja. Wa pili msiniite." Mama yangu hakuwa mtu wa kurudia neno.

Mimi ni mweupe kidogo, rangi ya baba. Nilipoingia miaka thelathini na kitu, uso ulianza kuwaka. Joto lilipanda mashavuni na puani bila homa yoyote, ngozi ikauma kama imepakwa pilipili, halafu vikaja vipele kama vya mvulana wa darasa la nane. Macho yaligeuka mekundu, yakawasha kama yana mchanga. Hali hiyo ilikaa siku tatu nne, ikatulia, nikasahau, kisha ikarudi na nguvu mpya.

Wateja wakaanza. "Mchomaji, leo umefungua mapema kuliko baa?" Mwezi wa kwanza nilicheka. Wa pili nilianza kuwajibu vibaya, na bucha si mahali pa mtu kununa. Mama mmoja aliyeuza sukuma wiki ng'ambo ya barabara aliniambia kwa upole kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikamwambia basi lije upesi, limechelewa.

Kwenye duka la dawa nilinunua tyubu ya krimu. Wiki mbili uso ulilainika nikajiona bwana harusi. Nilipoacha kupaka, vipele vilirudi mara tatu ya vile vya kwanza. Nikanunua nyingine. Nilikwenda hivyo karibu mwaka mzima, na sikumwambia mtu, maana mwanamume anayepaka krimu usoni Kitengela alikuwa na matani yake yanayomngoja.

Hayo yote ningeyabeba. Lililonishinda ni mama.

Kila siku ya soko nilikwenda Bisil kununua mbuzi, na nikimaliza nilipita kwake, mwendo wa nusu saa kutoka barabarani. Nilifika nikiwa nimeshinda juani na upepo na vumbi vikinipiga. Mama alinikalisha jikoni, karibu na moto, mahali pa heshima, moshi ukanijaa machoni, akanipa chai iliyokuwa bado inachemka, tangawizi imejaa mpaka inakuna koo. Na kwetu chai ya mama haikataliwi, wala haingojwi ipoe. Ukiiacha ikapoa umemwambia haina ladha. Nilikunywa vikombe vitatu, tena haraka, ili aone kwamba kinachopita kooni mwangu ni chai.

Kufikia kikombe cha tatu uso ulikuwa unawaka. Mama alinitazama toka upande wa pili wa moto, na nilijua anatazama uso wa nani.

Nyumbani kwetu anayeomba kabla ya kula ni mtoto wa kiume wa kwanza, ndiye mimi. Siku moja niliinamisha kichwa nianze, mama akaanza mwenyewe. Safari iliyofuata akafanya vilevile. Kisha siku nyingine alinisogelea akijifanya anatoa uzi kwenye kola ya shati, akanusa mdomo wangu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na watoto wawili wa shule. Nilitoka nje kama mtu anayekwenda haja, nikasimama nyuma ya boma la mbuzi nikalia kwa hasira. Niliona heri ningekunywa kweli, angalau aibu iwe na haki yake.

Muuguzi mmoja, mteja wangu wa Jumamosi, ndiye aliyeniambia niache kununua tyubu nikamwone daktari wa ngozi Nairobi. Nilikwenda shingo upande. Daktari alikuwa mama mwenye miwani mizito. Aliniangalia mashavu, akanivuta kope chini, akaniuliza ninapaka nini. Nilipotoa tyubu mfukoni, aliishika mkia kama panya aliyekufa.

"Hii ndiyo inakumaliza," alisema. "Unafanya kazi gani?"

"Nachoma nyama."

Akaweka kalamu chini. "Yaani uko na ugonjwa unaochukia moto, na wewe ukaenda ukaandikwa kazi na moto."

Akaniambia ugonjwa unaitwa rosasea. Nilimwomba alirudie jina mara tatu. Hauambukizi, alisema, na hautokani na uchafu. Hauishi kabisa, lakini unaweza kutawalika, mradi ujue kinachouamsha. Nikamuuliza lile swali lililonipeleka pale.

"Na pombe?"

"Pombe huwaamshia wengine. Lakini nina wagonjwa hawajawahi kuonja hata busaa. Jua linatosha. Hasira inatosha. Chai inatosha."

"Chai?"

"Chai ikiwa moto."

Nilicheka pale kwenye kiti mpaka akanisogezea glasi ya maji. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kushukuru kwa kuambiwa ni mgonjwa. Nilishuka ngazi za jengo lile nikijisikia mwepesi.

Kupona hakukuwa kwepesi hivyo. Nilipoacha krimu uso ulichafuka wiki kadhaa, kama daktari alivyonionya, na mara mbili nilikwenda hadi mlango wa duka la dawa nikajirudisha. Nilimeza vidonge, nikapaka jeli usiku, nikanawa kwa maji ya vuguvugu, nikanunua kofia pana ambayo pale Bisil ilinipatia jina la mzungu. Fundi wa vyuma wa jua kali aliniongezea mikono kwenye koleo ya nyama ikawa ndefu, na jiko nikaligeuza upepo upeleke joto mbali nami. Daktari alitaka pia niandike kilichotangulia kila uso ulipowaka. Niliandika kwenye karatasi za kufungia nyama nikazichomeka kwenye msumari. Mwezi ulipoisha nikazisoma. Jua la soko. Pilipili ya supu. Kugombana na mteja. Na mara nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe: kwa mama.

Basi nikaenda kwake asubuhi, siku isiyo ya soko, uso umetulia.

"Yeyo," nilimwambia, maana hivyo ndivyo tunavyoita mama kwa Kimaasai, "leo sitoki machoni pako hata kidogo."

Nilimweleza ugonjwa. Alinisikiliza kama mtu aliyekwisha kusikia maelezo mengi ya walevi. Nikamwomba animiminie chai, nikaiweka dirishani. Alikunja uso, akavuta ungo. Tulichambua maharagwe. Ilipopoa nikainywa, tukaendelea kuchambua, na nikamwambia anitazame. Uso ulikuwa vile nilivyokuja nao. Kisha nikasogea karibu na moto, nikamwomba ile inayochemka, nikanywa vikombe vitatu kama zamani.

Haikuchukua muda. Nilisikia joto likipanda shingoni, likashika mashavu, likafika puani. Mama aliweka ungo chini. Alikuja akanigusa shavu kwa mgongo wa kiganja, akahamia shavu la pili, akagusa pua. Safari hii hakuninusa.

Nilingoja acheke, au aseme pole. Alirudi akakaa kwenye kigoda chake, akatazama moto.

"Baba yenu alikuwa anakunywa," alisema.

"Najua, Yeyo."

"Alikuwa anakunywa sana. Lakini kulikuwa na siku anatoka kwa ng'ombe, anaingia hapa na uso kama huo, anaapa hajaonja. Mimi nampea chai moto, na tangawizi mingi, ya kumtoa pombe." Akasogeza ukuni motoni. "Naona uso unazidi tu. Nasema, ona, amekunywa mpaka chai imeshindwa. Siku zingine nilimfungia nje."

Hatutajua kamwe ni siku ngapi baba alisema kweli. Baba alikuwa mlevi, hilo halikubadilika, lakini siku zake zote hazikuwa za ulevi, na mimi nilipata nafuu kubwa kwa kulijua hilo kuliko nafuu ya uso wangu. Nadhani mama pia, ingawa yeye nafuu yake ilikuja na machozi, akayafuta kwa ncha ya shuka bila kuyaficha.

Baada ya muda aliinuka, akachukua kikombe, akamimina chai, akaiweka dirishani yeye mwenyewe.

"Ngoja ipoe," alisema. "Sasa omba."

Niliinamisha kichwa. Niliomba kwa ajili ya watoto, na mvua, na mbuzi, halafu nikamtaja baba, ambaye jina lake halikuwa limetamkwa katika maombi ya jikoni mle tangu tumzike. Mama aliitikia amina kabla sijafika mwisho.