Ndizi Tulizovundika kwa Neno "Soon"

Juzi, hapa Nyamiaga, binti yangu aliniletea zoezi la Kiingereza: atunge sentensi yenye neno "soon". Ndugu yangu msomaji, Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada, na neno hilo nimelisoma kuliko mengine yote. Lina maana ya muda mfupi baada ya sasa. Laweza pia kuwa mapema, au mara tu jambo fulani litokeapo. Muda huo ni mfupi kiasi gani, kamusi haisemi.

Zamani, nikiwa mtoto, bibi alitaka kujua hilo hilo. Baba, mwanawe pekee, aliondoka na malori yanayovuka mpaka pale Rusumo, nasi tukabaki Nyakisasa bila habari. Kila tulipopeleka ndizi mpakani, bibi aliwauliza madereva. Siku moja dereva mgeni, asiyejua Kiswahili, alisema anamfahamu: "He is coming soon." Mwalimu wetu alikuwa karibu, akatafsiri kwamba anakuja karibuni.

"Mwalimu, karibuni hiyo ni ya kuvundika ndizi leo, au niziache kwanza mgombani?"

Mwalimu alicheka. "Vundika, mama. Huyo yuko njiani."

Kwetu mtu wa mbali hupokelewa kwa pombe ya ndizi, na ndizi zikishaingia shimoni hazingoji mtu. Tukachimba, tukalipasha shimo moto, tukazipanga ndizi na kuzifukia kwa majani na udongo. Zilipoiva tulizikamua kwa nyasi hadi vidole vikanata, bibi akatia unga wa mtama uliokaangwa, ua mzima ukanukia. Majirani walikuja wamevaa vizuri. Wakangoja kwa adabu mpaka jua likashuka, kisha wakanywa bila baba.

"Mwanao ana roho nzuri, ametuachia yote!" jirani alisema akiaga, wenzake wakaangua kicheko. Bibi naye alicheka. Pombe iliyobaki ilichachuka, akaimwaga mwenyewe.

Mwaka uliofuata dereva mwingine alileta neno lile lile. Bibi alimshukuru, hakuuliza kitu. Kesho yake alikata mkungu mkubwa kuliko yote, akaupeleka sokoni.

Baba hakurudi. Bibi ameshakufa, migomba ya pombe imekwisha kwa ugonjwa wa mnyauko. Hayo nayavumilia. Kinachoniuma ni kwamba tangu mkungu ule, nyumbani kwetu hakuna anayemwandalia mtu kabla hajafika. Mgeni akipiga simu kwamba yuko njiani, tunamjibu karibu sana, na jiko halikokwi mpaka tumwone mlangoni.