Bibi Halina Alipobaki Kraków

Bitruti zikichemka, harufu yake ni ya udongo uliolowa mvua, yenye utamu kidogo na siki. Nikiisikia, hata iwe inatoka mlangoni mwa watu nisiowajua hapa Houston, narudi kuwa na miaka tisa, nimekaa jikoni kwa Bibi Halina kule Carrollton, Texas, miguu haijafika chini.

Bibi Halina alikuwa Mpolandi, mjane, na kazi ya Mama ilikuwa kumtunza. Baba aliendesha malori ya masafa marefu na tulimwona kwa nadra, kwa hiyo basi la shule lilinishusha kwa Bibi Halina. Mchana mtaa ule hukuona mtu nje. Ulisikia mashine za kupozea hewa tu. Bibi yangu wa Unguja nilimjua kama sauti ya simu, inayokatika kadi ikiisha. Huyu alikuwa na mikono. Alinifunza kumenya bitruti, akaniita Zuzia kwa sababu Zuhura lilimshinda, na kila siku akanisimulia Kraków, mji aliozaliwa, mpaka nikawa naujua kuliko Carrollton.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mwanawe alimkatia tiketi akautazame mji wake, na Mama amsindikize. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia.

Nilidhani naingia ndani ya hadithi zake, na siku za mwanzo ilikuwa hivyo. Kwenye uwanja mkubwa wanawake waliuza mikate ya duara kama bangili, imenyunyizwa ufuta na chumvi. Juu ya mnara wa kanisa mtu alipiga tarumbeta, kisha akaukatiza wimbo katikati, kwa kuwa zamani, watu wasema, mpigaji alichomwa mshale wa koo akiuonya mji. Tulikula pierogi, ambazo mimi niliziita sambusa zilizosahauliwa kukaangwa. Kila mahali Mama alitaka kuhakikishiwa kwamba hamna nguruwe, mpaka mpishi mmoja akatubebea sufuria yake mezani tuikague wenyewe.

Lakini Bibi Halina alianza kunipotea. Mtu aliyekuwa akijikongoja kwa fimbo Carrollton alipanda ngazi za nyumba ya dada yake akiimba. Alibishana na wauza jibini sokoni. Alicheka kichwa kikienda nyuma, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia Texas. Jioni meza ilijaa jamaa zake, nami nilikaa mwishoni, nikivuruga supu kwa kijiko. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba supu yake mwenyewe ni tamu zaidi. Alinijibu kwa Kipolandi, wala hakugundua.

Nilimfuata Mama jikoni. "Mama, nataka kwenda home."

"Home wapi?" aliuliza, na hakuwa akinikemea. Aliuliza kweli.

Siku moja kabla ya safari, Mama alikuwa akimfungia Bibi Halina sanduku, Bibi akamshika mkono.

"Usizifunge nguo zangu. Mimi sirudi."

"Na mwanao je?"

"Mwanangu ana mke, ana nyumba, ana gari mbili. Hapa nikienda kununua mkate naulizwa magoti yangu yameamkaje."

Mama alizitoa zile nguo moja moja, akazikunja upya, akaziweka kabatini polepole mno.

Mimi niliuliza, "Umetukasirikia?"

Bibi Halina alinivuta akanipakata, ingawa nilikwishakuwa mkubwa. "Sijamkasirikia mtu, Zuzia. Nimechoka kuwa mgeni."

Mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba ananiacha.

Tuliporudi Carrollton, basi lilianza kunishusha kwetu, nikiwa na ufunguo shingoni. Mama alipata kazi kwenye nyumba ya wazee, akirudi jua limezama. Nilikula nafaka kavu mbele ya televisheni, sauti nikiipandisha ili nyumba iwe na watu. Bibi Halina alipopiga simu, nilijifanya nimelala. Baada ya muda hakupiga tena, na Mama hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza.

Nilikuwa mtu mzima nilipokwenda Unguja na Mama kwa mara ya kwanza. Bibi yangu alikuwa ameshafariki. Asubuhi moja pale sokoni Darajani, mama yangu, ambaye maisha yangu yote nilimjua kuwa mtu wa maneno machache, alisimama akigombana na muuza ndimu, akamtania, akamtajia ukoo wake, akacheka mpaka akamshika bega. Watu walimwita kwa jina la utotoni ambalo sikulijua. Nilimfuata nyuma na mkoba, na upweke wa ile meza ya Kraków ukanijia mzima mzima.

Usiku wa kuamkia safari ya kurudi nilimuuliza Mama kama siku ile ya sanduku, kule Kraków, alimwonea huruma Bibi Halina au alimkasirikia.

"Nilimwonea wivu," alisema Mama. "Lakini wewe ulikuwa na shule."

Kisha akaniomba nimkalie sanduku lifungike.