Gari Lililokubali Mikeka ya Shangazi

Goti langu la kulia lilipokataa kutembea, nilikuwa maalim wa watoto wa wafugaji kati ya Garissa, Wajir na Elwak. Chuo changu hakikuwa na mahali. Familia zilipohama kufuata maji, nami nilihama, ngamia akiwa amebeba nyumba yetu mgongoni: fito zilizopindwa, mikeka na kamba. Mke wangu ndiye aliyeijenga na kuibomoa, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nikawa nalala chini ya mti kama mchunga mbuzi. Halafu likaja hilo la goti. Niliogopa jambo moja: watoto wangehama nisiweze kuwafuata, na sura walizohifadhi zingewatoka.

Lakini Mungu hafungi njia zote. Ujanani nilikuwa utingo wa lori la ngozi, na dereva wake, Mungu amlipe kheri, alinifundisha kuendesha. Basi nikauza ngamia, nikaenda Garissa kutafuta gari kuukuu ambalo mtu peke yake anaweza kuliendesha, kulitengeneza na kulala ndani yake.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa na magari mawili. Niliziwasha injini, nikasikiliza. Nikatazama sana rejeta, kwa kuwa gari lenye kiu hunywa maji ya dereva wake. Yote mawili yalikuwa mazima. La kwanza lilikuwa la kubebea mikate, limefunikwa bati pande zote, na mwenyewe wa zamani alikuwa amepigilia kitanda ndani. La pili lilikuwa wazi nyuma, rangi imebanduka, kiti kimechanika, na ubavuni lina kulabu za chuma.

"Maalim, hii ni hoteli," mfanyabiashara akasema, akipigapiga bati la lile la mikate. "Funga mlango, simba atakunusa tu aende zake."

Nilijilaza kwenye kile kitanda. Goti likatulia. Sikutaka kuinuka.

Shangazi yangu, ambaye sisi humwita eedo, alikuwa amenisindikiza. Alilizunguka gari la mikate akilipapasa kama anayemkagua ngamia.

"Kamba nafunga wapi?" akauliza.

"Mama, hili halitaki kamba. Lina paa."

"Paa nimeliona. Nauliza kamba."

"Eedo," nikasema kutoka ndani, "humu nitalala vizuri."

"Utalala. Hata maiti hulala vizuri. Nani atakuja kwako? Anayefika kisimani na sanduku la bati ni mtu wa serikali, anahesabu mifugo. Kina mama wakiliona, watoto wataingia vichakani, na wewe utabaki ndani na simba wako."

Mfanyabiashara alicheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Nilimjibu eedo kwamba yeye hana goti langu, na siku nzima hatukusemezana. Niliswali istikhara. Sikuota ndoto wala sikuona ishara, ila asubuhi nilipokitamani kile kitanda, niliwaona watoto wakikimbia. Nikalichukua lile lililobanduka rangi.

Eedo alilipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Alipinda mizizi ya mgunga, akaikita nyuma ya gari, akaifunika kwa mikeka aliyoifuma mwenyewe, na kila kamba akaifunga kwenye kulabu. Alifanya hivyo kwa ajili ya mwanamume asiye na mke, akijua majirani watamcheka. Walimcheka kweli. Namwombea mpaka leo.

Nilifika visima vya karibu na Elwak wakati wa kiangazi, nikaegesha mbali kidogo na kambi. Nilikuwa bado nyuma ya gari, ndani ya mikeka, nanyoosha mguu, niliposikia sauti ya mwanamke.

"Mwenye nyumba! Hujambo, mwenye nyumba? Umetoka wapi na nyumba nzuri hivi?"

Nikatoa kichwa, na ndevu zangu. Akarudi nyuma akivuta shela.

"Mkeo yuko wapi?"

"Amefariki, dada yangu. Hii imejengwa na eedo yangu wa Garissa. Mimi ni maalim."

"Mungu amrehemu." Akasogea, akafunua pembe ya mkeka na kuutazama ufumaji kwa makini. "Eedo yako ana mkono. Ila hapa alikuwa na haraka."

"Nitamwambia."

"Wallahi usimwambie!"

Akageuka, akaita kwa sauti kubwa kuelekea kambini. Watoto wakaja na mbao zao za kuandikia, kwanza wawili, kisha wengine nyuma yao, bila kusukumwa na mtu. Mdogo wao akashika kamba, akauliza kama anaweza kupanda.

"Sema Bismillahi kwanza," nikamwambia.

Akasema, akapanda. Alhamdulillahi, wengine nao wakapanda, hata mimi nikakosa pa kuweka mguu.