Daftari la Hali Shwari

Naitwa Grace, askari magereza. Muuguzi ameniomba niseme nanyi mnaosubiri majibu ya vipimo kwenye benchi hili la kliniki. Nitasema ilivyokuwa, maneno matamu sina.

Zamani nilifanya kazi katika gereza moja huko Jinja, nikiishi mtaa wa Mafubira na dada yangu Apio. Dada alikuwa na kisukari. Walimkata mguu, baadaye akafa. Tulimzika Jumamosi, Jumatatu nikaingia zamu. Watu walisema nina moyo mgumu. Mimi niliona sina moyo kabisa.

Nikahamishiwa hapa Mbale, nikapanga chumba mtaa wa Malukhu. Kila jioni sahani ya posho, ugali wetu wa mahindi, imejaa, soda mbili, kisha kitandani. Kiuno kikanenepa mpaka mkanda wa sare ukaisha matundu. Shingo ikawa nyeusi kwa nyuma. Nilidhani ni uchafu wa kola, nikaisugua kwa jiwe mpaka ikatoka damu.

Hapa kliniki nilikuja kwa kikohozi tu. Muuguzi akaiona shingo, akasema weusi ule huweza kuwa dalili ya sukari, akauliza habari za ukoo wetu, akanipima damu.

“Afande, hii si kisukari bado,” alisema. “Lakini sukari imepanda, kisukari kiko njiani. Ukibadilisha chakula na kutembea, sukari inaweza kushuka tena.”

Akanipa daftari. Kila siku niandike nilichokula na nilivyotembea, nirudi baada ya miezi mitatu.

Niliandika bila kukosa hata siku moja. Niliporudi, sukari ilikuwa imezidi kupanda. Muuguzi akafungua daftari, akageuza kurasa. Hali shwari. Hali shwari. Hali shwari.

“Afande, hii shwari ni chakula gani?”

Wagonjwa waliokuwa karibu walicheka. Nikamweleza kwamba gerezani, ukikabidhi zamu, unahesabu wafungwa. Wakitimia, unaandika “hali shwari” kwenye kitabu, basi. Mkono umeshazoea.

Yeye hakucheka. “Andika ya leo. Mimi nangoja.”

Nikaandika: chai, sukari vijiko vinne. Chapati tatu. Soda. Sikutembea. Kisha mkono ukaendelea wenyewe: dada yangu alikufa akiwa na mguu mmoja. Niliisoma mistari ile nikaogopa. Tangu mazishi sikuwa nimeogopa kitu chochote. Nilitazama buti zangu zote mbili nikaogopa sana.

Soda niliacha siku hiyo. Chai bila sukari ilinitia kichefuchefu wiki nzima. Posho nikapunguza nusu, nikaongeza maharage na mchicha wa dodo. Kazini nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, visigino vikatoka malengelenge, yakapasuka. Daftari likajaa aibu: leo keki ya harusi, vipande vitatu. Muuguzi alisoma yote, hakunigombeza.

Baada ya miezi sita akanipima tena. Sukari ilikuwa imeshuka, sawa na ya mtu asiye na shida. Alinishika mikono yote miwili akafurahi. Mimi nilisema asante, nikarudi kazini.

Namshukuru yeye, namshukuru na Mungu. Pimeni, hasa mkiwa na ndugu mgonjwa wa sukari. Andikeni ukweli, hata wa keki. Na kama mmekaa hapo hamsikii kitu, si woga wala hamu ya kupona, msingoje mpaka moyo urudi. Wangu haujarudi wote hadi leo. Nilitembea hivyo hivyo.