Mashuka ya Jana

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wanamwita Mama Kona, na jina hilo hakulipata kanisani. Kazi yake ni kukunja mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji, na mashuka hayo hayakunjwi kama ya nyumbani. Unakunja kwenda mbele, unakunja kurudi nyuma, kama feni ya karatasi, halafu mwisho unageuza kona moja itokeze nje. Nesi analishika hapo na kulifungua shuka bila kuligusa kwingine. Ukisahau kona, nesi anapapasa, shuka linachafuka, linarudishwa chini na maneno makali juu yake.

Kila anapogeuza kona, Mama Kona husema, "Bwana, uwe hapo." Alianza alipokuwa mgeni kazini, akiogopa kuwaza ni nani atakayelala chini ya nguo ile. Sasa ombi hilo limekuwa kama kikohozi. Linamtoka hata akiwa katikati ya kumsengenya mtu.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa wake. Mumewe, seremala, mtu wa kubishana hata na msumari, aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi kutolewa uvimbe tumboni. Daktari alisema uvimbe umekaa pabaya, umeegemea mshipa mkubwa wa damu, na hakuahidi kitu. Mlangoni mume akamwambia, "Usianze kulia. Nikitoka nikute macho yamevimba, nitajua ulishanizika."

"Nenda huko! Nani akulilie wewe?"

Mlango ukafungwa.

Akakaa kwenye benchi. Akasimama. Akasoma bango la kunawa mikono mpaka akalichukia. Akafumba macho aombe. "Baba yetu mwenye rehema..." Papo hapo akajikuta anawaza kama alizima jiko. Akaanza upya. Jiko likarudi. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaambia wajane waje kwa Mungu na mizigo yao. Leo mzigo wake mwenyewe hajui aushike wapi.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisani akafika na mkoba mkubwa, na sauti kubwa kuliko mkoba. Akamkamata mabega, akaomba mpaka mlinzi akachungulia.

"Sasa tulia, dada yangu," akasema alipomaliza. "Mungu yupo hapa."

"Najua yupo. Mbona basi tumekaa kama abiria wawili wasiojuana?"

Mwenyekiti akampapasa mgongo. "Sema naye tu."

"Maneno yameniishia. Mikono inaniwasha. Nishikie benchi hili, wakimtaja uniite. Niko chini."

Chini, mvuke ulimpokea kama ndugu. Mpiga pasi, mwanamke mwembamba anayeitwa Kijiko kwa kuwa hakuna habari asiyoikoroga, alimkazia macho. "Wewe si umepewa ruhusa leo?"

"Ruhusa ya kufanya nini, kutazama ukuta? Nisogezee mashuka hayo."

Kijiko hakubisha. Mama Kona akakunja kama mtu anayefukuzwa, mbele nyuma, mbele nyuma, akili iko ghorofani, rundo likakua mezani mpaka likamfika kidevuni. Kijiko akaja kuyachukua, akalinyanyua la juu, akaligeuza. Akanyanyua jingine.

"Mama wee! Kona umeziacha wapi?"

Hakuna hata moja. Mashuka yote yalikuwa laini pande zote, kama mayai.

"Leo tukubatize upya," Kijiko akasema. "Mama Bila Kona."

Mama Kona akacheka, akajifuta uso kwa aproni. Akayafumua yote. Akaanza tena, taratibu sasa kwa kujilazimisha. Mbele, nyuma, mbele, kona.

"Bwana, uwe hapo."

Lilimtoka lenyewe. Mkono ukasimama juu ya shuka.

"Kijiko. Mashuka yaliyopanda asubuhi hii ni yapi?"

"Ya jana. Yaliyotoka kwenye mashine ya kuua vijidudu."

"Nani aliyakunja?"

"Umekuwaje wewe? Si wewe mwenyewe! Ulikuwa unanihadithia kofia ya mwenyekiti wenu, na kila kona unamwita Bwana wako, mpaka nikakosa utamu wa habari."

Mama Kona akashika ukingo wa meza. Asubuhi nzima anatafuta maneno ya kumwombea mumewe, kumbe alishamwombea jana, katikati ya kofia ya watu, na Mungu hakuudhika akaondoka. Alikuwa ametangulia kuingia mle ndani, yuko chini ya taa zile kubwa, na seremala kafunikwa kwa nguo iliyoitiwa jina la Bwana. Hofu haikumtoka. Jiko nalo bado hakujua kama limezimwa. Lakini hakuwa tena na abiria asiyemjua.

Toroli likagonga mlango. Chumba cha kufulia hupata habari kabla ya ndugu: upasuaji ukiisha, mashuka machafu hushuka kwanza. Hayasemi umeishaje. Mfuko wa mashuka ulikuwa mzito kwa damu, mtu wa toroli akauvuta kwa mikono miwili. Kijiko akaacha mzaha.

"Kimbia, mama," akasema polepole.

"Bwana, uwe hapo," Mama Kona akasema, akapanda ngazi na aproni yake.

Juu, mwenyekiti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Kitanda cha magurudumu kilikuwa kinatoka. "Uvimbe umetoka wote," nesi akasema. "Damu ilitusumbua sana, lakini imekata."

Mumewe alikuwa na rangi ya majivu. Akafungua jicho moja. "Macho yamevimba."

"Ni mvuke wa chini."

"Ulienda kazini? Mimi napasuliwa, wewe unakunja?"

"Ulitaka nikakushikie taa?"

Akawa anatetemeka kwa baridi. Mkewe akamvutia blanketi mpaka shingoni, akalikaza pembeni, na mkono, bila kuulizwa, ukageuza kona begani. Midomo ikasema yake.

"Kona ya nini?" mume akanong'ona. "Nani tena anataka kunifunua?"

"Lala huko."

Akakaa kwenye kiti. Akasimama kutazama kama miguu ya mume imefunikwa. Akakaa tena.